AJALI INA KINGA



Wahenga walituachia msemo kwamba ajali haina kinga. Leo hatuna budi kuupima, kwani unapotamkwa kando ya barabara, mbele ya kijana aliyelala katika damu, huwaondolea dhima watu wote: dereva, mwenye gari, hata askari aliyekuwa zamu.

Tuanzie Ndera, Wilaya ya Gasabo, mashariki ya Jiji la Kigali. Huko Masoro liko Eneo Maalumu la Kiuchumi, lenye viwanda, maghala na malori yaingiayo na kutoka. Huko huko Ndera ipo hospitali ya magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, itibuyo pia wenye kifafa. Mambo hayo mawili yana uhusiano. Jeraha la kichwa ni mojawapo ya sababu za kifafa, nacho chaweza kuanza miezi au miaka baada ya kovu kupona. Kwa hiyo si kila gharama ya ajali huonekana siku ya ajali.

Ajali hazitokei ovyo, zina mpangilio. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina magari yapatayo sita tu katika kila kumi. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Sababu yajulikana: lami ikiisha kumwagwa, mwendo wa kasi hufika siku ile ile, lakini njia ya miguu, kivuko na gari la wagonjwa huja baadaye. Na lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa hugonga kwa nishati mara nne ya lile linalokwenda 30.

Jeshi lina funzo lake katika jambo hili. Mwaka 1935, afisa mashuhuri wa Uingereza, T. E. Lawrence, alikufa kwa jeraha la kichwa baada ya kuanguka na pikipiki. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, alichunguza vifo vya matarishi wa kijeshi wa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake kuhusu manufaa ya kofia ngumu. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaiamrisha kwa wapanda pikipiki wake. Raia wa nchi hiyo walingoja sheria kama hiyo hadi mwaka 1973.

Rwanda nayo ina amri zake. Sheria yamtaka mwendeshaji na abiria wake wote wawili wavae kofia ngumu. Mwaka 2015 iliamriwa magari ya abiria na ya mizigo yafungwe vidhibiti mwendo visivyopita kilomita 60 kwa saa. Mwaka 2019 Polisi ya Taifa ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani.

Hata hivyo, amri bila usimamizi ni karatasi. Kofia ambayo mkanda wake wa kidevuni haukufungwa hutangulia kuanguka kabla ya kichwa kufika chini. Basi askari wa barabarani asiridhike kuiona kofia, autazame mkanda. Dereva wa jeshi naye akumbuke kwamba sare haipunguzi uzito wa lori mteremkoni, na kwamba mwanajeshi aliye likizo, akipanda pikipiki bila kofia, huwafundisha raia kumi kufanya vivyo hivyo.

Tena, mara nyingi ninyi ndio mnaotangulia kufika. Piga simu 912. Bana kwa nguvu jeraha linalovuja damu. Usimpindue shingo majeruhi, wala usimtupe garini kama gunia.

Ndugu wasikilizaji, tutakaposikia tena kwamba ajali haina kinga, tuulize kwanza: Mwendo ulikuwa kiasi gani? Mkanda ulifungwa? Nani alikuwa zamu?