Uzamivu wa Kemia Bila Kupitia Umahiri
Katika vyuo vikuu vya Marekani, anayekamilisha shahada ya kwanza ya kemia anaweza kuomba moja kwa moja nafasi ya uzamivu, yaani shahada ya udaktari inayopatikana kwa utafiti, bila kupitia kwanza umahiri, yaani shahada ya pili, na katika masomo hayo ya takribani miaka 5 au zaidi kwa kawaida hulipiwa ada na kupewa posho kwa kusaidia kufundisha au kufanya utafiti. Maombi mengi hufungwa mwezi Desemba. Mtihani wa GRE wa kuomba masomo ya baada ya shahada ya kwanza, uliokuwa kizingiti kwa wengi, idara nyingi zimeuacha, na uzito umehamia kwenye tamko la dhamira, yaani maelezo ya utafiti anaoutaka mwombaji na maprofesa anaolenga kufanya nao kazi, pamoja na barua za wapendekezaji, ambazo kwa kawaida ni 3. Hapo ndipo penye ugumu usiosemwa sana, kwa kuwa barua yenye nguvu huandikwa na aliyemwona mwombaji akishindwa jaribio maabarani na kulirudia, wala si mhadhiri aliyemsahihishia mtihani tu, hivyo anayetoka chuo chenye vifaa haba huingia shindanoni akiwa nyuma, hata alama zake zikiwa za juu.