Njia ya Kuteremkia Pwani



Jumapili iliyopita binti yangu, mtoto wa miaka kumi, aliniuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu vizuri. Tulikuwa Fumba kwa shangazi yangu, tumesimama juu ya majabali, maji yamejaa. Akauliza, "Mama, hii pwani ni ya nani?" Nikamjibu upesi, kama tunavyowajibu watoto pale tunapotaka wanyamaze: "Ni ya Mungu, mwanangu. Ni ya watu wote." Shangazi akacheka, lakini kicheko chake hakikuwa cha furaha. Mazungumzo yangu ya leo yanatokana na kicheko kile.

Siku ile tulikuwa tumeanzia mjini. Nilimuahidi mtoto kwamba nitamtembeza mahali ambapo mtu wa Unguja anaweza kupunga upepo bila ya kuulizwa tiketi na bila ya kulazimika kununua kitu. Utaona, msikilizaji, kwamba hesabu ya mahali hapo si ndogo, lakini pia si kubwa kama tunavyodhani.

Tulianzia Vuga, katika Bustani ya Victoria. Wengi tunapita pale kila siku na hatuitupii jicho. Bustani ile asili yake ilikuwa ya watu wa nyumbani kwa Sayyid Barghash, wake na masuria, na mtu wa kawaida hakuweza hata kuchungulia. Mwaka 1897, Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 60 katika kiti chake, Sultani Hamoud aliitoa kwa watu wa Zanzibar. Baadaye, kuanzia mwaka 1926, Baraza la Kutunga Sheria likawa linakutana katika jumba lake. Nilimwambia binti yangu: hapa ulipokaa, bibi wa bibi yako angefukuzwa. Akatazama huku na huku kama anayemtafuta mlinzi.

Kutoka pale tukateremka Mnazi Mmoja, tukapumzika kidogo katika Bustani ya Jamhuri. Watoto wa leo wanaijua Mnazi Mmoja kwa mpira na kwa pirikapirika za skukuu. Hawajui kwamba pale palikuwa na bahari. Mji Mkongwe ulikuwa karibu ukatwe na mkono wa maji uliopita baina yake na Ng'ambo, na jina la Darajani limetokana na daraja lililovuka maji hayo. Mkono ule ulifukiwa, na sehemu ya ardhi iliyopatikana ikaachwa wazi. Fikiria, msikilizaji, kama kila shubiri ya ardhi ile ingejengwa maduka. Watoto wa Kikwajuni na Kisiwandui wangechezea wapi?

Kisha Forodhani. Jina lenyewe linatueleza: palikuwa na forodha, mahali pa kutozwa ushuru. Shughuli za bandari zilipohamia Malindi, upenyo ule mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib ungeweza kujengwa maghala mengine. Badala yake, katikati ya miaka ya 1930 ikatengenezwa bustani. Ilichakaa, sote tuliiona ilivyochakaa, mpaka Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipoifanyia matengenezo makubwa na ikafunguliwa upya mwaka 2009. Usiku utalipia pweza, mishikaki na juisi ya miwa ukitaka. Lakini kukaa juu ya ukuta na kuitazama bahari ni bure, kwa mgeni aliyeshuka kwenye ndege na kwa mchukuzi wa Malindi vilevile. Siku ile maji yalikuwa yamekupwa, kwa hivyo wale vijana wanaochupa baharini hawakuwapo. Binti yangu alisikitika. Nikamwambia wangoje maji, watakuja. Hakuna aliyewafungia.

Nimeyataja haya matatu kwa makusudi. Hakuna hata moja lililobaki wazi kwa bahati. Bustani ya Vuga iko wazi kwa sababu kuna mtu aliitoa. Mnazi Mmoja ni kiwanja kwa sababu kuna watu walioamua pasijengwe. Forodhani ni bustani kwa sababu kuna waliosema hapa pawe bustani, na wengine baadaye wakasema isife. Mahali pa kupunga upepo hapajilindi penyewe.

Baada ya sala ya adhuhuri tukapanda daladala kwenda Fumba. Ni kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, ncha ya kusini magharibi ya kisiwa, na ukifika unaona kwa nini watu wanaitamani. Mbele yako ni Ghuba ya Menai, iliyotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Ukisimama juu ya majabali jioni unaviona visiwa vya Kwale na Pungume, ngalawa zinarudi, na jua linazama mbele yako. Mimi nimeshakaa katika baraza za hoteli za Shangani kutazama jua lile lile kwa bei ya soda. Fumba nimelitazama tangu utotoni, na sijawahi kuletewa hesabu.

Shangazi yangu tulimkuta anasafisha chaza. Ilikuwa siku za bamvua, asubuhi maji yakitoka mbali, na yeye na wenzake walikuwa wameshashuka na kurudi. Kazi hiyo aliianza akiwa na umri wa binti yangu. Nikamuuliza, kama ada yetu sisi waandishi ambao hatuwezi kukaa bila ya kuuliza, mambo ya pwani vipi siku hizi?

Akaniambia, "Mwanangu, pwani ipo. Njia ndiyo zinazopungua."

Akanihesabia kwa vidole. Zamani njia za kuteremkia pwani zilikuwa nyingi, kila moja ikiitwa kwa mti au kwa jina la mwenye shamba inapopita. Sasa anazozitumia ni tatu. Nyengine zimekutana na ukuta, au na waya, au na kijana aliyevaa sare anayesema kwa adabu, "Bibi, huku hakupitiki." Moja katika zile zilizozibwa ndiyo iliyokuwa ya mkato kwake. Sasa anazunguka, akiwa na ndoo kichwani, na maji hayamngoji mtu. Akichelewa kufika, kazi ya siku imekwisha kabla ya kuanza.

Sitamtaja mwenye ukuta, wala simjui. Si haki kumshitaki mtu hewani hali yeye hayupo kujitetea, na huenda karatasi zake zote ziko sawa. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kama karatasi zimo sawa na njia ya bibi imezibwa, basi kosa liko katika karatasi: njia haikuwahi kuandikwa. Kila mtu alikuwa akiijua, na jambo linalojuliwa na kila mtu hakuna anayelitia wino.

Tuseme ukweli pia kwa upande wa pili. Fumba ilitengwa kuwa eneo huru la kiuchumi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa miaka mingi watu walilalamika kwamba hakuna kinachojengwa. Sasa kinajengwa. Kuanzia Nyamanzi mpaka huku chini majumba yanapanda, na vijana wanapata kazi. Mtoto wa shangazi yangu mwenyewe ni fundi muashi, na riziki yake inatoka humo humo kwenye ujenzi. Shangazi hakatai nyumba. Aliniambia, "Wajenge. Lakini hata ukijenga banda la kuku unaacha mlango."

Tazameni kwa wenzetu wa Mombasa. Kaskazini ya mji ule, upande wa Bamburi, kuna pwani inayoitwa Pwani ya Umma ya Jomo Kenyatta. Siku za skukuu inajaa watu mpaka mchanga hauonekani. Ni pwani nzuri, na naipenda. Lakini jina lile linanifikirisha. Kwa nini pwani moja ipewe sifa ya kuwa ya umma? Ni kwa sababu kwengine kwingi mwananchi anaiona bahari kupitia upenyo wa baina ya hoteli mbili. Siku tutakapohitaji kuandika kibao Unguja kusema "hapa watu wanaruhusiwa", tujue kwamba tumeshachelewa.

Na sisi tuna kitu cha kutusaidia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa kuwa mali ya umma, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 ikaendelea na msingi huo. Muwekezaji kutoka nje hainunui ardhi, anakodishwa. Mwenye nyumba anayekodisha ana haki ya kuweka masharti, na masharti yanawekwa kabla ya kukabidhi ufunguo.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kwanza, masheha wa vijiji vya pwani, kuanzia Fumba, Bweleo, Dimani na Nyamanzi, wakae na wazee, wanaume kwa wanawake, na hasa wanawake kwa sababu wao ndio wanaoshuka, waziandike njia zote zinazojuliwa. Pili, wapimaji wazitie njia hizo katika ramani na waziwekee mawe ya mipaka, kama yanavyowekewa mashamba. Tatu, kila mkataba mpya wa ardhi ya ufukweni uitaje njia kwa jina lake, na wenye majumba mapya nao wapate hapo mahali pa kushukia. Hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji siku chache za kutembea kwa miguu na mtu mwenye kalamu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fumba mimi nasema, usipoacha upenyo leo, kesho utabomoa ukuta. Na nani kati yetu ameshaona ukuta wa mwenye fedha ukibomolewa kwa ajili ya ndoo ya chaza?

Jua lilipozama tulirudi barabarani kungoja daladala. Tulipita katika moja ya zile njia tatu, nyembamba, imeota majani kando, inatosha mtu mmoja na mzigo wake. Binti yangu alitangulia. Akageuka akaniambia, "Mama, tukija tena tutapita hapa hapa, eti?"

Nilimwambia Inshallah. Lakini Inshallah ya mtu mzima inataka na juhudi, na ndiyo maana leo nimekuja kuisema jambo hili mbele yenu.

Panapo majaaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini.