Watoto Wetu Bwawani: Hotuba ya Kamati ya Fedha katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati ya fedha imepewa nafasi ya kueleza safari ya timu yetu ya vijana ya kuogelea, iliyokuja kushindana hapa jijini katika likizo ya mwezi wa Juni. Tutaanza na lile ambalo wengi wenu mmeliuliza mlangoni. Medali: hakuna. Tumelisema mapema ili asiwepo wa kuzitafuta kwenye picha.

Ndugu zetu, sisi wa kamati hii ndio tuliokuwa wa kwanza kupinga safari hiyo. Ombi lilipoletwa mwaka jana, tuliandika pembeni yake kwa kalamu nyekundu: "Haipendekezwi." Sababu zetu zilikuwa zile zile mnazozijua. Kuna madawati ya kununua. Kuna zahanati inayohitaji paa. Na mtoto wa Ukerewe, tulisema, anazaliwa ziwani, atafundishwaje kuogelea?

Mzee mmoja wa Bwisya ndiye aliyetujibu. Alisimama kwenye kikao akauliza: "Mwaka 2018 mlikuwa wapi?" Hakuongeza neno, akaketi.

Hakuna aliye humu ndani ambaye hakumbuki. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugolora kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya Bwisya, kule Ukara. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Waliokuwa ufukweni waliwaona ndugu zao. Wengi wetu tulikuwa huku mjini, simu mkononi, tukisubiri majina.

Hatusemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Chombo kikipinduka ghafla na kuwafunika watu, hata muogeleaji hodari anaweza asitoke. Mwenye dhamana ya chombo lazima asizidishe abiria, na jaketi za kuokolea lazima ziwepo na zivaliwe. Lakini tuliporudi nyumbani tukaanza kuuliza, tuligundua kwamba maneno yetu ya "mtoto anazaliwa ziwani" hayakuwa kweli. Wavulana wengi wanacheza maji ya kiunoni na wanaitana waogeleaji. Wasichana wengi hawajui hata kuelea. Wanachota maji, wanafua, wanavuka kwa mitumbwi, na hawajui la kufanya wakianguka.

Basi tulianza kidogo. Kwa fedha mlizochanga mwaka jana, watoto 140 wa shule mbili za msingi walifundishwa katika eneo la ziwa lililozungushiwa kamba na maboya. Somo la kwanza halikuwa mbio. Lilikuwa kuelea chali, kupumua bila kuhangaika na kupaza sauti. La pili lilikuwa kutomrukia mwenzako anayezama, bali kumrushia kamba, dumu tupu au tawi. Gharama yote ilikuwa shilingi 3,080,000, yaani 22,000 kwa mtoto. Ndani yake kuna posho za walimu, kamba, maboya, na vipimo na dawa za kichocho, kwa sababu wote tunajua kwamba konokono wa ziwani hawachagui mtoto wa kumwambukiza.

Kati ya hao 140, wasichana walikuwa 23 tu. Wazazi walikataa. Bibi mmoja wa Ukara, anayelea mjukuu wake tangu mwaka ule wa 2018, alituambia wazi: "Ziwa limeshachukua mmoja kwangu. La pili sitalipelekea mwenyewe kwa mkono." Tulimwelewa. Hatukuwa na jibu la kumpa. Mwalimu alikwenda kwake mara nne. Mara ya nne bibi alikubali kwa sharti kwamba naye akae ufukweni kila siku ya mazoezi, na alikaa. Huyo mjukuu, sasa yuko darasa la sita, alikuwa miongoni mwa watoto 11 waliokuja Dar es Salaam.

Sasa tuwaeleze hao watoto walikutana na nini.

Walipanda meli Nansio hadi Mwanza, kisha basi. Walipofika, hatukuwaweka hotelini. Wanachama tisa waliwapokea majumbani mwao, ndiyo maana kwenye hesabu mstari wa malazi unasomeka sifuri. Akina mama hao tunawashukuru kwa dhati.

Siku mbili kabla ya mashindano tulikodi bwawa ili wazoee maji. Bwawa la mita 25 kwenu nyinyi ni kitu cha kawaida. Kwao lilikuwa kitu kigeni. Maji yako wazi hadi chini, kuna mstari mweusi sakafuni, na baada ya mita 25 kuna ukuta. Mtoto wa ziwani anaogelea akiinua kichwa kutazama ufukwe, maana ndiyo dira yake. Bwawani, anayeinua kichwa miguu yake inazama na mwendo unapungua. Na ziwani hakuna ukuta. Watoto wetu hawakuwahi kugeuka mahali popote.

Siku ya kwanza ya mashindano tuliona hayo yote yakilipwa. Yule binti wa Ukara aliingia mita 50 mtindo huru. Kabla ya ukuta alikuwa wa pili katika kundi lake, na sisi jukwaani tumesimama, tunapiga kelele ambazo mwenye bwawa hatazisahau. Alipofika ukutani akaushika, akainua kichwa, akavuta pumzi, akageuka kama mtu anayetafuta mlango. Wenzake walijipindua ndani ya maji, wakausukuma ukuta kwa miguu na kuibukia mbele. Alimaliza wa tano, kwa sekunde 41.8.

Mvulana wetu wa mtindo wa chura, mita 100, alikuwa na nguvu za kutosha. Lakini sheria ya mtindo huo inataka mikono yote miwili iguse ukuta kwa pamoja, katika kila kona na mwisho. Yeye aligusa kwa mkono mmoja. Msimamizi aliinua mkono, na matokeo yake yakafutwa. Alilia nyuma ya choo, asitake tumuone. Mwingine, aliyeogelea chali, hakujua kwamba bendera zilizotundikwa juu ya maji, mita tano kabla ya ukuta, zimewekwa kumwonya. Aligonga kichwa. Hakuumia sana, lakini nguvu za kucheka zilimwishia.

Jioni hiyo kocha wa moja ya klabu za hapa jijini, ambaye hakuwa na deni lolote kwetu, aliwaita watoto wetu upande wa maji mafupi. Kwa saa nzima aliwafundisha kugeuka tu. Watoto wa klabu yake waliwaazima miwani ya kuogelea, maana mitatu yetu ilikuwa imeshavuja.

Siku ya mwisho ilikuwa mbio za kupokezana, wanne mara mita 50. Timu zilikuwa nane. Tulimaliza wa sita. Hakuna aliyefutwa, hakuna aliyeruka kabla mwenzake hajagusa ukuta. Binti yule aliogelea sehemu yake kwa sekunde 38.6. Alikuwa amepunguza zaidi ya sekunde tatu, karibu zote ukutani.

Ndugu zetu, sasa hesabu, maana ndiyo kazi mliyotupa.

Safari iligharimu shilingi 5,100,000. Nauli za watu 14 kwenda na kurudi ni 2,240,000. Chakula kwa siku nane ni 1,120,000. Nguo, kofia na miwani ni 660,000. Ada za kushiriki ni 550,000. Kukodi bwawa ni 300,000. Vipimo, dawa na mengineyo ni 230,000. Stakabadhi zote ziko mezani pale nyuma, na yeyote anaruhusiwa kuzipekua.

Ukigawa kwa watoto 11, kila mmoja alitumia karibu shilingi 464,000. Tunataka mlisikie hili kutoka kwetu kabla hamjalisikia barabarani: safari ya mtoto mmoja ilimeza fedha za kufundisha watoto 21. Anayesema hiyo ni gharama kubwa anasema kweli. Nasi tulisema hivyo hivyo.

Lakini kuna mstari mwingine ambao haukuwa kwenye bajeti. Watoto waliporudi, picha zao zilibandikwa shuleni, na walipita madarasani kueleza. Shule zile zile mbili zilipotoa fomu za ruhusa kwa mwaka huu, wasichana walioruhusiwa na wazazi wamefika 71. Mwaka jana, kumbukeni, walikuwa 23. Hatuwezi kuapa kwamba ni safari peke yake iliyofanya hivyo. Ila walimu wanasema mzazi anayekuja kuweka sahihi huanza kwa kuuliza habari za yule binti wa Ukara.

Binti huyo sasa anawasaidia walimu kuwashika wadogo wanapojifunza kuelea. Bibi yake bado anakaa pale pale ufukweni. Anahesabu vichwa. Mwalimu anahesabu, naye anahesabu, na somo haliishi mpaka hesabu mbili zikubaliane. Sisi wahasibu hatujaona ukaguzi bora kuliko huo.

Kwa hiyo kamati inapendekeza yafuatayo. Kwanza, timu isisafiri kila mwaka. Isafiri mara moja kila baada ya miaka miwili, na mwaka ujao ipumzike. Pili, fedha zote za mwaka ujao ziende kwenye mafunzo: shule sita badala ya mbili, watoto 600, kwa shilingi 22,000 kila mmoja, jumla 13,200,000. Tatu, tununue mtumbwi mmoja wa uokoaji na vifaa vyake kwa shilingi 1,800,000, kwa sababu mpaka leo tunaazima mtumbwi wa mvuvi, na siku akienda ziwani mafunzo yanasimama. Jumla kuu ni shilingi 15,000,000. Tuko wanachama 300. Kila mmoja akitoa 50,000, tumemaliza. Asiyeweza yote atoe ya mtoto mmoja, 22,000, na stakabadhi yake itaandikwa hivyo: mtoto mmoja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Sisi hatuhitaji kusoma takwimu za dunia ili tujue. Tuna majina.

Tukikutana hapa mwakani, tutawasomea idadi ya watoto waliofundishwa, shule kwa shule, na kiasi kilichobaki benki. Mkiona haviendani, mtuulize mbele ya watu wote.