Chachu ya Urafiki: Maneno Yetu Mbele ya Kikao



Wengi mmeuliza: ile ndoo inayonuka pale ofisini ni ya nini? Ni chachu ya mkate. Dada mmoja tuliyekaa naye kambini Nyarugusu leo anaishi Lancaster, Pennsylvania, jirani na Waamish, wale Wakristo wanaotembea na magari ya farasi. Huko kuna mkate wanauita wa urafiki. Alitutumia maelezo kwa simu, ni hivi: pakiti ndogo ya hamira (levire, kwa wasiopitia Tanzania) unalowesha katika robo kikombe ya maji ya vuguvugu. Unatia unga wa ngano kikombe 1, sukari 1, maziwa 1. Funika na kitambaa, koroga kila siku kwa mwiko wa mti. Siku ya 6 unailisha tena kikombe kimoja kimoja, na siku ya 10 vilevile. Halafu unapima vikombe 4: kimoja chako, 3 vya rafiki. Inayobaki unaoka.

Mama mmoja alikaza kifuniko cha kopo lake. Usiku kikaruka, watoto wakakimbia nje wakidhani ni risasi. Tulicheka, lakini si sana.

Shida yenyewe ilikuja tulipogawa. Kumbe kila tuliyempa tulimpa na deni: ndani ya siku 10 atafute vikombe 2 vya unga, 2 vya sukari, 2 vya maziwa, tena na watu 3 wa kuwapa. Kuna mama aliyerudi juzijuzi, bado analala chini ya shitingi. Aliilisha chachu sukari ya watoto, maana aliona haya kukataa. Ilipokufa, akaacha kuja mkutanoni. Tulienda kwake, na msamaha tuliomba sisi.

Sasa tunauliza kwanza. Anayekubali anapewa chachu pamoja na unga wake. Maziwa tumeacha, sukari ni kijiko tu. Kwa joto la hapa ziwani siku 3 zinatosha. Dada wa Lancaster anasema huo si ule mkate tena. Sawa. Tunaoka kwa sufuria, makaa chini na juu ya kifuniko, na unaumuka vizuri.

Wafadhili, mkituuliza: tunaomba unga, siyo mashine.

Yule mama amerudi. Jumamosi ni zamu yake ya kugawa. Anayetaka aje na kopo, kifuniko akiache nyumbani.