MWALIMU, KISHIKWAMBI NA UKURASA WA PAMOJA

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Ilipomalizika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu visikae ghalani bali vikabidhiwe walimu. Zanzibar nayo ilipata fungu lake. Hivyo mwalimu wa Visiwani na mwenzake wa Kagera, ingawa wametenganishwa na bahari na nchi kavu ndefu, wamekabidhiwa chombo cha aina moja. Lililobaki ni swali: chombo hicho kifanye kazi gani darasani?

Kwa wengi, kazi yake ni kusomea tu: mwalimu hufungua kitabu kilichomo na wanafunzi hunakili. Hilo si baya, lakini ubao unatosha kwa kazi hiyo. Faida kubwa zaidi ya mtandao ni ukurasa wa pamoja, yaani ukurasa mmoja unaoweza kuandikwa na watu wengi, kila mmoja akiwa mahali pake, na kila badiliko likahifadhiwa pamoja na saa lilipofanywa.

Uchukuliwe mfano wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Wakazi wake wengi ni wakulima wa migomba na kahawa, na adui wao mkubwa ni ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao mkoa wa Kagera umeujua tangu miaka ya 2000. Mwalimu wa Baiolojia wa kidato cha pili huko Kayanga, Karagwe, akishirikiana na mwenzake wa Murongo, Kyerwa, karibu na mpaka wa Uganda, anaweza kufungua ukurasa mmoja juu ya ugonjwa huo. Kundi la kwanza huandika dalili: majani kugeuka manjano na kunyauka, ndizi kuiva kabla ya wakati na ndani yake kuwa na rangi ya kutu. Kundi la pili huandika namna unavyoenea: kwa wadudu watuao kwenye ua dume, kwa panga lililokata mgomba mgonjwa, na kwa machipukizi yaliyokwisha kuambukizwa. Kundi la tatu huandika kinga: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kusafisha panga kwa moto, na kung'oa mgomba mgonjwa.

Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Ikiwa kundi la Kayanga limeandika kwamba ugonjwa huletwa na mvua, kundi la Murongo litauliza: mbona shamba moja limenyauka na la jirani limesalimika, hali mvua ni moja? Mwalimu hafuti kosa hilo kwa kalamu nyekundu. Huwaacha watoto watafute ushahidi, waulize wazee shambani, kisha wasahihishe wenyewe. Mwanafunzi aliyezoea kukariri hulazimika kutoa sababu. Na kwa kuwa somo la sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, kundi la mwisho hupewa kazi ya kuuandika ukurasa huo kwa Kiswahili, ili mzazi naye aufahamu. Mgomba ndio chakula na ada ya mtoto. Elimu hiyo ikiishia kwenye daftari la mtihani, shamba halitapona.

Yapo mazito. Umeme na mtandao havipatikani kila saa, na wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu skuli. Dawa yake ni kila kundi kuandika kwanza kwenye karatasi, na kishikwambi kimoja cha mwalimu kupita kwa zamu. Jengine ni kwamba mtoto hodari huweza kuandika peke yake na wengine wakapumzika. Kumbukumbu ya mabadiliko humwonesha mwalimu zamu zilizoandikwa na zilizopita kapa, lakini kumbukumbu hiyo haina faida ikiwa mwalimu haisomi. Chombo hakichukui nafasi ya mwalimu. Humwongezea kazi kabla ya kumpunguzia.

Ndugu wananchi, mambo yafuatayo yanafaa kuzingatiwa na skuli za Visiwani pia:

(a) Mwalimu aanze na ukurasa mmoja, juu ya jambo ambalo watoto wanalijua kwa macho yao.

(b) Majina na picha za wanafunzi visiwekwe mtandaoni. Makundi yatambulike kwa namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda haki hiyo.

(c) Kamati za skuli zihakikishe kwamba vishikwambi vinatumika kwa kazi ya skuli, na kwamba mwalimu anapata muda na vocha ya mtandao.

(d) Wazazi wawajibu watoto wao wanapoulizwa habari za shamba, bahari au ufundi. Jawabu hilo ni sehemu ya somo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Chombo kimekwisha gawiwa. Ushirikiano haugawiwi, hufundishwa.