Mizabibu ya Jangwani



Wapendwa wasikilizaji, nikiwa hija katika Nchi Takatifu, nilitembezwa siku moja kwenye mashamba ya mizabibu ya jangwa la Negebu. Leo mizabibu hiyo hunyweshwa kwa mabomba, tone kwa tone. Kisha kiongozi wetu akatufikisha kwenye magofu ya Avdat, palipo na mashinikizo ya divai ya Wakristo walioishi huko yapata miaka 1500 iliyopita. Mvua ya mahali hapo ni milimita 100 hivi kwa mwaka. Waliwezaje? Akatuonyesha kuta fupi za mawe zilizokatiza bonde: ziliyazuia maji yateremkayo vilimani, yakazama ardhini.

Ndugu zangu, mara ngapi twanung'unika kwamba Mungu ametunyima neema? Neema yatunyeshea kila Jumapili; tulichokosa ni ukuta. Neno lateremka na kupotea kabla hatujafika nyumbani, na jirani tuliyekosana naye twampita bila salamu.

Basi, juma hili tujenge ukuta mmoja: kila jioni tulikumbuke Neno pamoja na jamaa zetu, kisha tumwendee jirani huyo.

Mungu awabariki.