Taa Ni Safi, Jiko Je?

Hotuba kwa wakazi wa Nkoroi kuhusu matumizi ya nishati



Takwimu za taifa zinaonyesha kwamba karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kajiado ina mchango wake. Mitambo ya upepo ilianza kuwekwa Ngong mwaka 1993, na tangu 2021 mitambo 60 ya Kipeto huzalisha hadi megawati 100.

Lakini mpangaji wa sera akiishia hapo, atakuwa amehesabu taa na kusahau jiko. Umeme ni sehemu ndogo ya nishati yote inayotumika nchini. Takriban theluthi mbili hutokana na kuni, makaa na mabaki ya mimea. Sehemu kubwa ya inayobaki ni mafuta, yakiwemo petroli na dizeli za bodaboda, malori na matatu za barabara ya Magadi.

Tazameni ploti ya kawaida hapa Nkoroi. Stima ipo, simu zinachajiwa, runinga inawaka. Githeri inachemkia makaa kwa sababu gesi imeisha na mshahara haujaingia. Katika hesabu ya umeme, nyumba hiyo ni safi. Katika hesabu ya moshi, mama na watoto wanakohoa. Na makaa hayo ni miti iliyokatwa, ikachomwa kwenye tanuri la udongo linalopoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kuni.

Mwaka 2020 Kenya iliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 32 kufikia 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila kuchukua hatua. Chanzo kikubwa zaidi ni kilimo na ufugaji, si umeme. Kwa hivyo ahadi hiyo haitatimizwa na mitambo ya umeme peke yake.

Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti kuandaa mpango wake wa nishati. Mpango hufuata takwimu, na bajeti hufuata mpango. Karani akibisha hodi na kuuliza mnapikia nini, jibu la "gesi" huku mtungi ukiwa mtupu linaiondoa nyumba hiyo katika hesabu ya wenye uhitaji. Aambiwe yote: gesi wiki mbili, makaa wiki mbili, na gharama ya kila kimoja.

Msilionee aibu jiko la makaa. Lisipohesabiwa, hakuna atakayepanga kulibadilisha.